Kwa Nini Osileta Hulala Ndani ya Kompyuta

Mhadhara kwa mafundi na wanafunzi wa elektroniki, Nzuguni, Dodoma

Vijana wenye laptopu mapajani nawaona, na leo nazungumza zaidi na ninyi.

Kila Agosti viwanja vya Nanenane hapa Nzuguni hujaa vitu vilivyobuniwa na vijana: mashine za kutotolea vifaranga, vidhibiti vya pampu za umwagiliaji, inverta za sola zilizofungwa ndani ya maboksi ya bati. Fungua boksi lolote kati ya hayo, mara nyingi utakuta osileta, yaani saketi inayozalisha wimbi yenyewe bila kuletewa wimbi kutoka nje. Inverta isiyo na osileta ni betri na transfoma vilivyowekwa pamoja tu. Saa ya maikrokontrola, king'ora, taa ya kuwaka na kuzima, redio ya mawimbi: vyote vinaanzia hapo.

Siku hizi kijana anaanzia kwenye kompyuta kabla ya kushika chuma cha kulehemu. Naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Osiloskopu ya maana si kitu ambacho fundi wa mtaani hununua kwa faida ya wiki moja, lakini LTspice ni ya bure, ngspice ni ya bure na huja ndani ya KiCad, na Proteus inajulikana vyuoni kuliko hata baadhi ya walimu. Kwa mwanafunzi wa Dodoma asiye na maabara, programu ya simulesheni ndiyo maabara yenyewe.

Ila malalamiko ninayoletewa ni yaleyale. Saketi imechorwa, kila waya uko mahali pake, thamani zimechukuliwa kitabuni, kijana anabonyeza kitufe cha kuendesha, na skrini inamwonyesha mstari mmoja ulionyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Sehemu zilezile akizipanga kwenye bredibodi, taa inawaka na kuzima kama kawaida. Basi anahitimisha kwamba programu ni mbovu. Mimi nasema programu ile imejibu sawasawa. Imejibu swali aliloliuliza bila kujua kwamba ameliuliza.

Tuanze na osileta yenyewe, kwa ufupi, maana wengi mnaijua. Ni kikuza ambacho sehemu ya kile kinachotoka inarudishwa kwenye mlango wa kuingilia. Mwanafizikia Mjerumani Heinrich Barkhausen, aliyefundisha Dresden, ndiye aliyetuachia sharti lake: ukizunguka kitanzi chote, kile kinachorudi kilingane kwa ukubwa na kile kilichoondoka, na kifike kikiwa kwenye awamu ileile. Vitabu vinaliandika sharti hilo kana kwamba linamaliza kazi. Halimalizi. Linaeleza jinsi wimbi linavyodumu likishakuwepo, na halisemi lolote kuhusu lilivyozaliwa. Ili lizaliwe, ukuzaji wa kitanzi lazima uzidi 1 kidogo, na lazima pawe na kitu cha kukuza, hata kiwe kidogo namna gani.

Kwenye saketi halisi kitu hicho hakikosekani. Rezista ya kiloomu 10 ikikaa mezani kwenye joto la kawaida, bila hata kuunganishwa na betri, huzalisha kelele ya karibu mikrovolti 1 ukiipima katika upana wa kilohezi 10. Ni elektroni zinazosukumana kwa sababu ya joto. Ongeza mshtuko wa swichi inapowashwa, ongeza tofauti ndogo kati ya transista moja na nyingine, na osileta ina chakula cha kuanzia.

Sasa tuingie ndani ya programu. Nyingi tunazotumia ni watoto au wajukuu wa SPICE, iliyoandikwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na Laurence Nagel chini ya mwalimu wake Donald Pederson, ikatangazwa mwaka 1973. Pederson alitaka isambazwe bure, na uamuzi huo ndio unaotufanya hata sisi wa Nyanda za Kati tuwe nayo leo. Unapoiamuru ionyeshe wimbi dhidi ya muda, SPICE haianzi na muda. Kwanza inatafuta hali ya utulivu: kila kapasita inachukuliwa kuwa waya uliokatika, kila koili inachukuliwa kuwa waya mtupu, kisha inapiga hesabu kujua kila nukta ya saketi ingekaa kwenye volti ngapi kama hakuna kinachobadilika. Ikishaipata hali hiyo ndipo saa inaanza kuhesabu.

Mnaona tatizo lilipo. Umeiuliza: je, saketi hii ina mahali pa kutulia? Nayo ikapatafuta mahali hapo, ikapapata, ikakaa. Mchi wa kutwangia unaweza kuusimamisha wima katikati ya sebule kama huna upepo, huna mtoto anayepita, na sakafu haitikisiki. Nyumbani kwako utaanguka. Ndani ya kompyuta hakuna upepo: katika uchambuzi wa kawaida wa muda, rezista za SPICE hazina kelele hata chembe.

Mfano mzuri kuliko yote ni ule wa transista mbili unaowasha LED kwa zamu, ambao Wafaransa Henri Abraham na Eugène Bloch waliuchapisha mwaka 1919 wakitumia vali. Tuuchore kwa sehemu tunazozipata mjini: BC547 mbili, volti 5 kutoka chaja ya simu, rezista za kiloomu 47 kwenye besi, omu 470 zikifuatana na LED kwenye kolekta, na kapasita mbili za mikrofaradi 10. Hesabu inasema mzunguko mmoja utachukua karibu sekunde 0.65. Ukiiendesha kwenye kompyuta, LED zote mbili zinawaka na kubaki zinawaka. Kolekta zote mbili ziko chini, karibu na sifuri.

Hapa wengi hukimbilia kusema kwamba kosa ni usawa: nusu ya kushoto inafanana na nusu ya kulia hadi desimali ya mwisho, basi kompyuta haijui ianze na ipi. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Chukueni kalkuleta. Kila besi inapata karibu mikroampea 91 kupitia kiloomu 47. Transista yenye ukuzaji wa mara 200 ingeweza kuruhusu karibu miliampea 18 kwenye kolekta, lakini LED na omu 470 zinaruhusu karibu 6 tu. Maana yake transista zote mbili zimefunguka kupita kiasi, na transista iliyojaa namna hiyo haikuzi kitu. Ukuzaji wa kitanzi umeanguka chini ya 1. Hali hiyo ni tulivu kwelikweli, na hata ukibadilisha rezista moja ikawa kiloomu 46, mstari utabaki umenyooka. Hata saketi ya bredibodi inaweza kunasa hapo kama umeme unapanda polepole, kwa mfano inapowashwa kutoka kwenye chanzo chenye kapasita kubwa mno. Fundi anachomoa waya, anarudisha, LED zinaanza kupishana, naye anasema ilikuwa waya legevu. Kompyuta ilikuwa inamwonyesha udhaifu wa kweli wa mchoro wake.

Dawa ni kuiamsha saketi. Kwenye LTspice au ngspice nukta ya besi moja ipe jina, tuseme b1, kisha andika .ic V(b1)=0. Kwa amri hiyo hesabu ya utulivu inalazimishwa kuanza na transista moja imefungwa na nyingine imefunguka. Saa ikianza, besi inaachiwa, kapasita inajaa kupitia kiloomu 47, besi inafika karibu volti 0.65, na mchezo umeanza. Njia nyingine ni kuanzisha chanzo cha umeme kwenye sifuri na kukipandisha ghafla hadi volti 5, kama swichi ifanyavyo. Lakini kama nusu mbili zinafanana kabisa, zitapanda pamoja na kunasa pamoja. Ndiyo maana njia hii inataka pia thamani za pande mbili zitofautiane kidogo. Wapo wanaoongeza neno uic mwishoni mwa .tran, amri ya kuonyesha wimbi dhidi ya muda, ili hesabu ya utulivu irukwe. Linasaidia, ila mjue kwamba kapasita zote mlizozinyamazia zitaanza kwenye volti sifuri, na si kila saketi inapenda hivyo.

Sasa chukua osileta ya daraja la Wien, ambayo William Hewlett aliitumia mwaka 1939 huko Stanford na ikawa bidhaa ya kwanza ya kampuni yake na David Packard. Opampu moja, rezista mbili za kiloomu 10, kapasita mbili za nanofaradi 10. Masafa yake ni karibu hezi 1,590. Nadharia inasema ukuzaji uwe mara 3. Mwanafunzi mtiifu anaweka 3 kamili, na mtiifu zaidi anaweka 3.03 kwa sababu ameambiwa uzidi kidogo. Kisha anaiagiza programu ionyeshe milisekunde 10, ambazo zinatosha mizunguko 15 hivi. Anapata mstari ulionyooka.

Kilichokosekana hapa ni subira. Kwa ukuzaji wa 3.03, wimbi linakua kwa kizio cha muda cha karibu milisekunde 6.7, yaani kila milisekunde 6.7 linaongezeka mara 2.7. Kutoka mikrovolti 1 hadi volti 10 ni mara milioni kumi, na safari hiyo inahitaji vizio 16, karibu milisekunde 107. Yeye alichungulia dirishani kwa milisekunde 10 akaondoka. Angeweka ukuzaji wa 3.3, kizio kingeshuka mara kumi na wimbi lingekuwa limekomaa ndani ya milisekunde 11. Na hesabu hiyo imeipa kompyuta zawadi ya mikrovolti 1 ambayo, kama tulivyoona, haina.

Kuna jambo linaloongeza ugumu. SPICE hujichagulia yenyewe hatua za muda. Panapotulia inaruka hatua ndefu, panapobadilika inakanyaga karibu karibu. Na kipimo chake cha kawaida cha kujali volti ni mikrovolti 1: kilicho chini ya hapo haikifuatilii kwa makini. Kichanga cha wimbi kinaweza kuwa kinakua chini ya kizingiti hicho, na programu, ikiona utulivu, ikakiruka. Kwa hiyo mbali na kuipa mshtuko, iwekee ukomo wa hatua. Mimi huanza na sehemu moja ya mia ya mzunguko mmoja. Kwa daraja letu la Wien hiyo ni karibu mikrosekunde 6. Kwenye LTspice ukomo huo ni namba ya nne ya .tran, ile ambayo karibu kila mtu huiacha wazi.

Hewlett alizuia wimbi lisikue hadi kukatika vichwa kwa kutumia balbu ndogo: likikua, waya wa balbu unapata moto, ukinzani wake unapanda, ukuzaji unashuka. Ni ubunifu uliotulia, naupenda kuliko saketi nyingi za kisasa. Lakini ukiichora balbu hiyo kama rezista ya kawaida, umeondoa joto, na joto ndilo lililokuwa breki. Wimbi litafika kwenye ukuta wa volti za opampu na kuwa bapa juu na chini. Weka modeli ya balbu inayobadilika, au tumia diodi mbili zinazotazamana kinyume kama wafanyavyo wengi.

Nikigusa hesabu za ndani nitawachosha, ila kuna jaribio moja linalofaa kila mmoja alifanye akifika nyumbani. Chora koili ya milihenri 1 na kapasita ya mikrofaradi 1, peke yake, bila rezista, uipe kapasita volti 1 ya kuanzia. Inapaswa kuyumba kwa karibu hezi 5,030 bila kuchoka. Iendeshe milisekunde 20, mizunguko mia moja. Kisha badilisha njia ya kukokotoa kutoka ile ya trapezi kwenda ile ya Gear, na uongeze urefu wa hatua. Utaona wimbi linafifia lenyewe. Hakuna rezista iliyolila. Limeliwa na hesabu. Osileta dhaifu inaweza kuuawa namna hiyohiyo ukahisi mchoro ndio wenye kosa. LTspice nayo huipa kila koili miliomu 1 kimyakimya usipoiambia vinginevyo. Kwa jaribio hili ni kidogo mno kuonekana, lakini vizuri mjue ipo.

Makosa ya maandishi nayapitia haraka. Saketi isiyo na alama ya ardhi haitahesabiwa. Na kwenye programu za ukoo wa SPICE, herufi M kubwa na m ndogo ni kitu kimoja, nazo zote ni mili. Mega huandikwa Meg. Anayeandika 1M kwenye rezista inayotoka mlango wa kutokea wa geti kurudi mlango wa kuingilia, kama tunavyofanya kwenye osileta za kristali, ameweka miliomu 1, ambayo ni sawa na kuunganisha milango hiyo miwili kwa waya. Saketi imekufa kabla haijazaliwa, na macho hayaoni kosa kwa sababu kwenye karatasi 1M ni sahihi. Vilevile kapasita kubwa ya faradi 1 ukiiandika 1F inasomwa femto, kitu kidogo kuliko hata waya wenyewe.

Upo pia ugonjwa wa upande wa pili, na huo naukasirikia zaidi kwa sababu haumsumbui mtu mpaka siku ya maonyesho: osileta inayofanya kazi kwenye skrini na kukataa mezani. Kwenye Proteus, maikrokontrola hupewa kasi yake kwenye dirisha la sifa zake. Kristali na zile kapasita mbili za pikofaradi 22 unazozichora pembeni ni mapambo. Zifute, programu itaendelea kukimbia. Kijana anaona LED inawaka, anasahau kapasita kwenye ubao halisi, au anaweka kristali ya megahezi 11.0592 huku dirishani aliandika 16, kisha anashangaa maandishi ya bandari ya siriali yanatoka vurugu.

Programu zinafanya hivyo kwa sababu ya gharama. Kristali ya megahezi 16 ina mzunguko wa nanosekunde 62.5. Ikihitaji milisekunde 5 kuamka, hiyo ni mizunguko 80,000. Kwa nukta 50 kila mzunguko, kompyuta itapiga hesabu ya saketi nzima mara milioni nne kabla hujaona lolote. Anayetaka kuiigiza kweli aichore kwa koili, kapasita na rezista zinazofuatana, pamoja na kapasita moja ya pembeni, na aipe koili hiyo mkondo mdogo wa kuanzia. Safari inafupika sana.

Nimesoma ripoti za wanafunzi ambazo zinahesabiwa kuwa zimekamilika kwa picha moja ya wimbi zuri. Kama ningekuwa nasahihisha, ningeomba picha mbili: ya wimbi, na ya saketi ileile ikiwa imenyamaza, pamoja na maelezo ya kwa nini ilinyamaza. Hiyo ya pili ndiyo inayonionyesha kwamba mtu anaielewa saketi yake.

Nimalizie na inverta, maana ndiyo mnayoijenga zaidi. Chipu ya CD4047 hutoa masafa ya 1 gawanya kwa 4.4RC kwenye miguu ya 10 na 11. Kwa hezi 50 za umeme wetu na kapasita ya nanofaradi 100, rezista inatakiwa iwe karibu kiloomu 45.5. Wengi huweka 47, wanapata hezi 48.4, wanaridhika. Anayepima mguu wa 13 akakuta karibu hezi 97 asibadilishe kitu. Mguu huo hutoa maradufu. Lakini skrini imekuonyesha namba moja kwa sehemu zisizo na kasoro. Rezista ya asilimia 5 na kapasita ya asilimia 10 zikikosea kwa pamoja upande mmoja, masafa yanaweza kuwa popote kati ya karibu 42 na karibu 57, na transfoma ya hezi 50 ikiendeshwa kwa 42 hupata moto. Kwa hiyo endesha tena kwa thamani za pembeni, zote nne, kisha weka kiloomu 39 pamoja na rezista ya kurekebisha ya kiloomu 10. Na SPICE usipoiambia kitu huchukua joto la nyuzi 27. Boksi la bati lililofungwa chini ya paa la bati hapa Nzuguni mwezi wa Oktoba haliko nyuzi 27 saa nane mchana. Andika .temp 60 uendeshe tena, uone wimbi lako limehamia wapi.

Wenye laptopu zenye chaji wasogee hapa mbele na michoro yao. Tutaanza na zile zilizonyamaza.